Kufuzu Ubingwa wa Taifa wa Triathloni Ukiwa Lubumbashi

Swali ni lilelile kila msimu, liwe limetoka Katuba, Kampemba, Golf au Kipushi: "Mimi si mchezaji wa kulipwa. Nina kazi, nina watoto. Nataka kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mpaka nishiriki ubingwa wa taifa. Nianzie wapi?"

Ninajibu bila kuzunguka. Watu wenye miguu na mapafu wapo tele Lubumbashi. Kinachowakwamisha ni mambo matatu: karatasi zilizochelewa, maji yaliyopuuzwa, na sheria za mchezo zisizosomwa. Ukiyashika hayo matatu mapema, mazoezi yatakupa haki yako.

## Jua anayekupa nafasi

Kasi peke yake haikupi nafasi. Nafasi hutolewa na shirikisho, nalo humpokea mtu aliyepita mlangoni. Mpenzi yeyote wa soka mjini kwetu anaijua ngazi: klabu, kisha EUFLU ya mji, kisha LIFKAT ya Katanga, kisha FECOFA ya taifa. Michezo mingine nchini hufuata mpangilio huohuo wa klabu, entente, ligi na shirikisho.

Fanya hivi:

- Nenda Divisheni ya Michezo ya jimbo, uulize ni shirikisho lipi linalotambuliwa kwa triathloni na nani analiwakilisha Haut-Katanga. World Triathlon, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, hutambua shirikisho moja tu kwa kila nchi.
- Usiporidhika na jibu, andikia Kamati ya Olimpiki ya Kongo (COC) huko Kinshasa.
- Jiunge na klabu. Kama hakuna klabu ya triathloni karibu nawe, anza na klabu ya baiskeli, ya kuogelea au ya riadha. Utapata kocha, wenzako wa mazoezi, na watu wanaojua njia ya ofisini.
- Omba leseni mwanzoni mwa msimu. Andaa kadi ya mpiga kura au pasipoti, picha, cheti cha daktari kinachosema unaweza kushindana, na ada. Mtoto huhitaji pia ruhusa ya mzazi iliyoandikwa.

Onyo: usimkabidhi mtu fedha bila risiti yenye mhuri, hata akiwa rafiki wa rais wa ligi.

## Maswali matano ya kuuliza kwa maandishi

Maneno ya mdomo hubadilika. Uliza kwa barua au kwa ujumbe wa simu unaoweza kuhifadhi:

1. Je, kufuzu ni kwa nafasi uliyomaliza, kwa muda uliotumia, au kwa pointi za mashindano kadhaa?
2. Ni mashindano gani yanayohesabiwa, na mwisho wa kuhesabu ni tarehe gani?
3. Makundi ya umri yamepangwaje? Kwa wanamichezo wa ridhaa, kawaida hupangwa kwa miaka mitano mitano, na umri huangaliwa tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano.
4. Je, matokeo ya nje ya nchi yanakubaliwa? Mpaka wa Kasumbalesa uko kilomita 90 hivi kutoka mjini, na ukivuka uko Copperbelt ya Zambia. Mbio za huko zinaweza kukupa uzoefu, lakini zitakusaidia kufuzu tu ikiwa shirikisho limesema hivyo.
5. Nani analipa safari na malazi ya waliofuzu?

Swali la tano huwatia watu haya. Uliza. Safari ya kwenda Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na mtu aliyefuzu bila nauli hubaki nyumbani kama asiyefuzu.

## Chagua umbali mmoja

- Umbali mfupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, mbio kilomita 5.
- Umbali wa Olimpiki: mita 1,500, kilomita 40, kilomita 10. Ndio uliotumika triathloni ilipoingia Olimpiki Sydney mwaka 2000.
- Umbali wa kati: kilomita 1.9, kilomita 90, kilomita 21.1. Ndio wa mbio za Ironman 70.3, zilizofika Rubavu, Rwanda, kwenye Ziwa Kivu, mwaka 2022.

Ushauri wangu kwa anayeanza: umbali mfupi kwa msimu mzima. Unaweza kushindana mara kadhaa kwa mwaka, unapona haraka, na makosa yake hayakugharimu miezi. Kosa la kawaida ni kuvutiwa na umbali mrefu kwa sababu ya sifa, kisha kufika mwezi wa tatu ukiwa na goti bovu.

Baada ya kuchagua, igawe saa yako. Tuseme unataka kumaliza umbali mfupi kwa saa 1 na dakika 20:

- Maji: dakika 16
- Kutoka majini hadi baiskeli: dakika 2
- Baiskeli: dakika 38, yaani karibu kilomita 31.6 kwa saa
- Kutoka baiskeli hadi mbio: dakika 1
- Mbio: dakika 23, yaani dakika 4 na sekunde 36 kwa kilomita

Sasa jipime kila sehemu peke yake. Pale unapokosa dakika nyingi ndipo mazoezi yako yaelekee. Wengi hufanya kinyume: aliyezaliwa mkimbiaji huongeza mbio, kwa sababu ndizo zinazompa furaha.

## Soma majira ya Lubumbashi

- Mei hadi Julai: kiangazi na baridi. Asubuhi za Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Jenga msingi kwa baiskeli na mbio ndefu za polepole. Ikiwa bwawa halina joto, ogelea adhuhuri.
- Agosti hadi Oktoba: vumbi jekundu, moshi wa nyasi zinazochomwa, kisha joto kali. Fanya kazi nzito kabla ya saa 2 asubuhi. Moshi ukiwa mzito, acha mbio ya barabarani siku hiyo.
- Novemba hadi Machi: mvua. Barabara huteleza na mashimo hujificha chini ya maji. Huu ni wakati wa kuogelea sana. Ngurumo ikisikika, toka majini mara moja. Radi za Katanga si za kujaribu.

Kama ubingwa utafanyika Kinshasa, kumbuka kwamba sisi tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye hewa kavu. Kule ni chini zaidi, na joto lake lina unyevunyevu. Mwinuko wetu hautakuzuia. Joto ndilo litakalokukamata. Wiki mbili za mwisho, fanya baadhi ya mazoezi mepesi mchana badala ya alfajiri, ukiwa na maji ya kutosha, mwili uzoee kutoa jasho.

## Maji: hapa ndipo wengi huanguka

Mtu wa pwani au wa Tanganyika amekua kando ya maji. Wengi wetu wa Lubumbashi tumekua mbali na maji ya kuogelea, na si aibu kuanza ukubwani. Aibu ni kujiandikisha kabla ya kuweza.

Hatua:

1. Tafuta bwawa la klabu au la hoteli linalouza tiketi za mwezi, na uulize urefu wake. Katika bwawa la mita 25, mita 750 ni kulivuka mara 30. Mabwawa mengi ya hoteli ni mafupi zaidi. Pima kwa hatua au kwa kamba.
2. Lipa mwalimu kwa miezi miwili ya kwanza. Hapa fedha yako ina faida kuliko kwenye baiskeli.
3. Anza na pumzi: toa hewa yote ukiwa na uso majini, vuta unapogeuza kichwa. Anayezuia pumzi huchoka baada ya mita 50 na kudhani hana nguvu.
4. Ogelea mara mbili au tatu kwa wiki. Kikao kimoja kirefu cha Jumamosi hakifundishi mwili.
5. Jipime kila wiki nne: mita 400 kwa kasi yako yote, pumzika, kisha mita 200. Toa muda wa pili kwenye wa kwanza, ugawe kwa mbili. Ukitumia dakika 9:00 na dakika 4:10, tofauti ni dakika 4:50. Nusu yake ni dakika 2:25 kwa kila mita 100. Kwa kasi hiyo mita 750 zitakuchukua dakika 18 na sekunde chache. Lengo letu lilikuwa 16, kwa hiyo umejua deni lako.

Maji ya wazi. Bwawa lina mstari chini, ziwa halina. Jifunze kuinua macho kila mikono sita hadi kumi, uone boya. Lakini chagua mahali kwa akili:

- Usiogelee katika mito inayopokea maji ya migodi na viwanda, ukiwemo mto Lubumbashi unaopita mjini.
- Ziwa Kipopo liko karibu na hupendwa, lakini usiingie bila kuwauliza wavuvi na wakazi kuhusu kina, majani na wanyama. Kwenye maziwa ya mto Lufira, suala la mamba na viboko huulizwa kabla ya kuvua viatu.
- Kichocho huishi kwenye maji yaliyotulia yenye konokono na majani kando. Vimelea hupenya ngozi, na kujifuta haraka si kinga ya kutegemea. Ukiogelea ziwani, kapime baada ya wiki 6 hadi 8. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana vizuri.
- Usiogelee peke yako kamwe. Awepo mtu kwenye mtumbwi, nawe uvae kofia yenye rangi kali.

## Baiskeli: usalama kwanza, kaboni baadaye

"Sina fedha za baiskeli ya mbio." Hili ni pingamizi la haki. Kwa mashindano ya kwanza, baiskeli ya milimani yenye tairi nyembamba laini inatosha kumaliza. Kwa kufuzu, utahitaji baiskeli ya barabara, na ya mtumba inafaa. Kabla ya kununua, angalia:

- Fremu: pitisha kidole kwenye maungio yote, ufa wowote, ondoka.
- Kimo: ukikalia tandiko na pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo.
- Gurudumu: lizungushe, likiyumba, mwite fundi akwambie kama litanyooka.
- Vipuri: kama huwezi kupata tyubu na tairi za saizi hiyo mjini, umenunua pambo.

Vumbi letu hula mnyororo. Ufute kwa kitambaa baada ya kila safari, weka mafuta kidogo, futa yaliyozidi. Jifunze kuziba pancha mwenyewe, kwa sababu siku ya mbio fundi wako wa komini ya Kenya au Ruashi hatakuwepo.

Barabara. Barabara ya Likasi na ile ya Kasumbalesa zina malori ya shaba mchana na usiku. Ukizitumia, iwe alfajiri ya Jumapili, kwa kundi, na gari au pikipiki nyuma yenu. Barabara ya Kasapa, kuelekea chuo kikuu, inafaa kwa marudio mafupi ya kasi asubuhi na mapema. Barabara ya Kipushi, kilomita 30 hivi, inafaa kwa safari ndefu ya siku yenye magari machache. Vaa helmeti, weka taa mbele na nyuma, na wapishe wabeba makaa wanaosukuma magunia kuingia mjini. Mzigo wao hausimami ghafla.

Kila mwezi pima kilomita 20 kwenye barabara ileile, saa ileile. Mara moja kwa wiki fanya dakika 4 za nguvu mara 5, ukipumzika dakika 3 kati yake. Hiyo ndiyo itakayokupandisha kasi. Kuzunguka mjini na marafiki ni raha nzuri, lakini hakutoshi.

## Mbio baada ya baiskeli

Kukimbia kilomita 5 ukiwa mpya ni jambo moja. Kukimbia baada ya dakika 38 za pedali ni jingine: miguu huwa mizito na pumzi haijapata mpangilio. Dawa ni kuunganisha. Kila Jumamosi, shuka kwenye baiskeli, badilisha viatu, kimbia dakika 15 hadi 20 papo hapo. Kilomita ya kwanza iwe ya utulivu kuliko unavyotamani. Anayelipuka hapo hulipa kilomita ya nne.

## Wiki ya mtu mwenye kazi

- Jumatatu: pumzika, au dakika 20 za kuimarisha tumbo na mgongo
- Jumanne: maji dakika 45, ufundi
- Jumatano: baiskeli dakika 60, na marudio ya nguvu
- Alhamisi: mbio dakika 40, nusu yake kwa kasi ya mashindano
- Ijumaa: maji dakika 45, umbali
- Jumamosi: baiskeli saa moja na nusu hadi mbili, kisha mbio
- Jumapili: baada ya ibada, mbio ya polepole dakika 50 jioni

Jumla ni kati ya saa 5 na dakika 45 na saa 6 na dakika 40. Kila wiki ya nne punguza theluthi. Ukifanya kazi ya zamu mgodini, hamisha siku, lakini usiendeshe baiskeli barabarani baada ya zamu ya usiku. Usingizi huua.

Homa: usifanye mazoezi ukiwa na homa. Pima malaria siku hiyohiyo. Ikithibitika, maliza dawa, kisha rudi kwa matembezi na maji mepesi kwanza. Kulazimisha kumewapotezea watu msimu mzima.

## Chakula cha nyumbani kinatosha

Huhitaji makopo kutoka Ulaya. Bukari, viazi vitamu na wali vinakupa nguvu. Maharagwe, mayai, kapenta na sombe vinajenga mwili. Kinachohitajika ni saa sahihi:

- Kula mlo mkuu saa tatu kabla ya mbio, usiwe na mafuta mengi wala maharagwe.
- Kwenye baiskeli kunywa nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa.
- Kinywaji cha kujitengenezea: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vikubwa 5 vya sukari vilivyosawazishwa, robo ya kijiko kidogo cha chumvi.
- Munkoyo ni mzuri ukiwa umepumzika. Usiujaribu siku ya mbio, kwa sababu umechachuka kwa kiwango usichoweza kukipima.

Kanuni moja isiyovunjwa: siku ya mashindano usile, usinywe, usivae chochote kipya.

## Sheria zinazowaondoa watu mashindanoni

Hapa mtu mwenye nguvu hupoteza nafasi kwa sekunde moja. Zikariri:

- Funga helmeti kidevuni kabla ya kugusa baiskeli. Usiifungue mpaka baiskeli iwe imerudi mahali pake.
- Panda baada ya mstari wa kupandia, shuka kabla ya mstari wa kushukia.
- Katika mbio zinazokataza kujikinga upepo nyuma ya baiskeli ya mwenzako, kaa mita 10 nyuma katika umbali mfupi na wa Olimpiki. Ukiingia ndani ya mita hizo, una sekunde 20 za kumpita.
- Namba ionekane nyuma ukiwa kwenye baiskeli, mbele ukiwa unakimbia. Mkanda mwepesi wa kiunoni unatatua hilo.
- Hakuna vipokea sauti masikioni.
- Usitupe chupa wala karatasi nje ya eneo lililotengwa.

Fanya mazoezi ya kubadilisha uani kwako: taulo chini, helmeti juu ya usukani mikanda ikiwa wazi, viatu vya mbio vimefunguliwa. Dakika moja utakayookoa hapo ingekugharimu miezi ya mazoezi kuipata kwa miguu.

## Safari ya ndege na baiskeli

1. Uliza shirika la ndege uzito na ada ya kisanduku kabla ya kununua tiketi.
2. Toa pedali. Ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa, kinyume cha ya kulia.
3. Punguza upepo wa tairi, geuza usukani, funga fremu kwa katoni na nguo.
4. Acha nyumbani vichupa vya gesi vya kujazia tairi. Chukua pampu ya mkono.
5. Beba helmeti, miwani, viatu, leseni na cheti cha daktari mkononi. Mzigo ukichelewa, baiskeli huazimwa, leseni haiazimwi.
6. Fika angalau siku mbili mapema, na uhudhurie mkutano wa maelekezo. Wanaoukosa ndio wanaokosea njia.

## Mashaka mnayoniletea

"Nimeshafika miaka 45." Makundi ya umri yamewekwa kwa ajili yako. Unashindana na wa rika lako. Pima moyo na shinikizo la damu kwanza, kisha ongeza mzigo taratibu.

"Mimi ni mwanamke, barabarani nitasumbuliwa." Shida hiyo ni ya kweli, na si juu yako kuivumilia kimya. Fanya mazoezi na kundi, badilisha njia, mwambie mtu saa ya kurudi, na idai klabu ipange vikao vya pamoja. Kundi la wanawake lina orodha yake ya matokeo. Shindania nafasi yako humo.

"Nikikosa kufuzu?" Omba matokeo yako yakiwa yamegawanywa kwa kila sehemu. Sehemu iliyokuangusha ndiyo mpango wako wa mwaka ujao. Na leseni uliyolipia inakufungulia pia mashindano ya mji na ya jimbo.

## Anza wiki hii

- Jumatatu: nenda Divisheni ya Michezo na maswali yako matano.
- Jumanne: panga miadi ya cheti cha daktari.
- Jumatano: tafuta bwawa, pima urefu wake, zungumza na mwalimu.
- Ijumaa: mpelekee fundi baiskeli, umwambie ni ya mashindano.
- Jumamosi: jipime mita 400, kilomita 20 na kilomita 5, siku tofauti kama mwili unakataa, na uandike namba zote kwenye daftari.

Lubumbashi ina watu wa kusimama kwenye mstari wa taifa katika mchezo huu. Wanachohitaji ni kufika pale wakiwa na leseni mfukoni, pumzi majini, na helmeti iliyofungwa. Daftari lako likishakuwa na namba za kwanza, una mahali pa kuanzia. Wiki nne baadaye zipime tena.